Barabara haiulizwi faida

Tulikuwa tunatoka Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, tukirudi kwetu Lubumbashi, na tulikwama kabla ya kufika Kisanga. Lori moja lilikuwa limevunjika ekseli na kukaa mshazari katikati ya njia. Mbele malori, nyuma malori, na sisi wa taksi katikati, tumebanana na magunia ya unga wa Zambia. Lilikuwa jua la mwezi wa kumi, lile linalongoja mvua. Tukashuka. Mama mmoja alikuwa na meza ya munkoyo, kinywaji cha mahindi, chini ya mwembe, nikakaa hapo, na pembeni yangu alikuwa shofere wa Kitanzania aliyekuwa ameshazima injini na kukubali kwamba siku yake imekwisha.

Alikuwa ametoka Dar es Salaam na salfa ya migodi. Angerudi na shaba. Tuliongea ya kawaida: bei ya mazuti (dizeli), foleni ya mpakani, watoto wanaokua baba yuko njiani. Halafu akasema, bila hata kulalamika:

"Dada, toka Mbeya mpaka Kapiri Mposhi nimetembea na reli pembeni yangu. Na huku kwenu nasikia reli ipo pia. Sasa mimi na hizi tani 30 mgongoni tunafanya nini hapa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Wiki zimepita. Lori lile bila shaka lilishavutwa, unga ule tumeshaula bukari, yaani ugali, ukaisha, lakini swali la yule bwana limekataa kuondoka.

## Reli ipo kweli

Nilidhani alikuwa anatia chumvi, nikachukua ramani. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyoanza kazi rasmi 1976, inatoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860. Kapiri Mposhi inakutana na reli ya Zambia, inayopanda hadi Ndola, inaingia kwetu Sakania, inafika gare, yaani stesheni, ya Lubumbashi. Upana wa reli zote hizo ni mmoja: milimita 1,067. Maana yake behewa likipakiwa bandarini Dar linaweza kufika hapa kwetu bila mzigo kushushwa hata mara moja.

TAZARA ilijengwa kwa hesabu ya kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Mwaka wa 2014/2015 ilibeba chini ya tani 100,000.

Kwetu, SNCC, kampuni ya reli ya taifa, ina mtandao wa kilomita 3,641, na kilomita 858 kati ya hizo ziliwekewa nyaya za umeme. Kazi hiyo ya umeme ilianza 1952 kwenye kipande cha Likasi hadi Tenke, wakati reli nyingi za Ulaya bado zilikuwa zinachoma makaa ya mawe. Treni zilivutwa na maji ya mito ya Lualaba na Lufira: mabwawa ya umeme ya Mwadingusha, Nzilo, Nseke. Leo mzigo ule ule unavutwa na mazuti yanayokuja na meli, kisha yanapakiwa kwenye lori, ili yalishe malori mengine.

Sentensi hiyo ya mwisho niliiandika, nikaifuta, nikairudisha.

## Jibu ambalo kila mtu analo

Ukimuuliza mtu yeyote hapa Lubumbashi, awe mwalimu wa Kasapa au muuza makaa wa Katuba, kwa nini treni ilikufa, atakujibu kabla hujamaliza swali. Iliuawa na uzembe. Waliiba, walilala, mishahara ilisimama, vipuri havikuja. Atataja Mobutu, atataja vita.

Sikatai. Vita vya Angola viliifunga njia ya reli ya Benguela mwaka 1975, na shaba yetu ikapoteza mlango wake mfupi wa kwenda baharini. Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali na mteja mkubwa wa reli, ilitoa tani 476,000 za shaba mwaka 1986, kisha ikaporomoka miaka michache baadaye. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mteja mmoja inazama naye.

Jibu hilo lilinitosha kwa muda mrefu. Lilipoacha kunitosha ni pale nilipoangalia kilichotokea baada ya shaba kurudi.

Maana shaba imerudi, tena si kidogo. Mwaka 2024 nchi ilitoa zaidi ya tani milioni 3. Hiyo ni zaidi ya mara sita ya mwaka bora wa Gécamines. Kama mzigo ndio uliokosekana, basi mzigo huu hapa. Tuseme lori moja linabeba tani 30. Shaba peke yake ingehitaji malori 100,000 kwa mwaka, zaidi ya 270 kila siku ya Mungu, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Bado hujahesabu kobalti. Bado hujahesabu salfa, chokaa na asidi zinazoingia. Bado hujahesabu kwamba kila lori lililokwenda lazima lirudi.

Hakuna mzigo duniani unaoililia treni kuliko shaba: ni nzito, ni ile ile kila siku, inatoka sehemu zile zile kwenda bandari zile zile.

Na ilipanda lori.

Kwa hiyo uzembe unaeleza kwa nini treni ilianguka. Hauelezi kwa nini hakuna aliyeinyanyua pale ambapo fedha za kuinyanyua zilikuwa zinapita mbele yake.

## Vitabu viwili vya hesabu

Nilichokuja kukiona, na ndicho kilichonifanya nikae niandike, ni kwamba reli na barabara hazijawahi kuandikwa kwenye kitabu kimoja.

Reli ni kampuni. Ina mapato, ina madeni, ina wafanyakazi. Taruma la chini ya reli likioza, ni taruma la kampuni. Daraja likilegea, ni deni la kampuni. Mwisho wa mwaka wanakuja watu wenye kalkuleta, wanatoa mapato, wanatoa gharama, wanaandika: hasara. Na kila mtu anatikisa kichwa, masikini treni, imepitwa na wakati.

Barabara si kampuni. Barabara ni "maendeleo". Mwaka 2008 nchi yetu ilitunga sheria ya kuanzisha FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, unaolishwa na tozo kwenye mafuta na fedha za peaji, ada ya kupita njiani. Ni jambo jema, barabara isiyotunzwa hufa. Lakini hebu fikiri: kila anayenunua lita ya mafuta anaichangia barabara, hata mama anayewasha jenereta ya kusaga mahindi. Reli inajitafutia. Hakuna anayeiuliza barabara mwisho wa mwaka kama imepata faida.

Halafu kuna hili la ekseli.

Kati ya 1956 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Wamarekani walijenga barabara za majaribio wakayazungusha malori juu yake kwa karibu miaka miwili, ili waone lami inakufaje. Walichokuta ni kwamba uharibifu haupandi hatua kwa hatua na uzito. Unapanda kwa takriban kipeo cha nne. Ekseli ya tani 10 haiumizi lami mara 10 kuliko ekseli ya tani 1. Inaiumiza kama mara 10,000.

Rudi sasa kwenye pampu ya mafuta. Toyota yenye usukani wa kulia, yenye abiria watano na kuku, inalipa tozo kwa lita. Lori la shaba linalipa tozo kwa lita. Lori litakunywa mara nne au tano zaidi kwa safari ile ile, basi litalipa mara nne au tano zaidi. Kwenye peaji litaongezewa kidogo. Lakini kila ekseli yake inaichakaza lami mara maelfu. Tofauti hiyo inalipwa na nani? Na Toyota. Na jenereta. Na mashimo ya Likasi, ambayo nayo ni namna ya kulipa.

Treni ikikata reli yake kwa uzito, inajilipia yenyewe. Ndiyo maana inaonekana ghali.

Sisi hatukubuni mchezo huu. Marekani, mwaka 1956, serikali kuu ilikubali kulipa asilimia 90 ya gharama za barabara kuu mpya, mtandao uliopangwa kufika kama kilomita 66,000, kwa kodi ya mafuta iliyowekwa kwenye mfuko wake maalumu. Wakati huo huo kampuni za reli zilikuwa zinatengeneza njia zao kwa fedha zao na kuzilipia kodi ya mali juu yake. Kufikia 1971 ilibidi serikali ianzishe Amtrak kuokota treni za abiria zilizobaki. Uingereza, ripoti ya 1963 ya Beeching, mkuu wa reli za huko, ilipendekeza kufungwa kwa stesheni zaidi ya 2,000 kwa sababu hazijilipii. Waziri wa uchukuzi wa siku hizo, Ernest Marples, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya kujenga barabara. Hilo la Marples lilinifurahisha kwa namna mbaya. Tumezoea kuamini mambo ya aina hii ni ya kwetu tu.

Tofauti ni kwamba wao waliua reli za vijijini wakabaki na nyingine nyingi. Sisi tulikuwa na moja.

## Mkataba

Unakumbuka mkataba wa Wachina wa 2008, migodi kwa miundombinu. Katika ahadi za mwanzo reli ilikuwemo, tena si kwa haya: maelfu ya kilomita, sambamba na maelfu ya kilomita za barabara. Mkataba ukapunguzwa 2009. Miaka ikapita. Ulipojadiliwa upya na kusainiwa nyongeza Machi 2024, fedha za miundombinu zilipandishwa hadi dola bilioni 7, na kinachozungumzwa humo zaidi ya yote ni barabara za taifa.

Sidhani kuna mtu aliyeketi gizani akasema "tuiue reli". Ni rahisi kuliko hivyo. Barabara inajengwa vipande vipande. Kilomita 20 za lami zina utepe wa kukata, zina bango lenye picha, zina uchaguzi mbele yake. Kilomita 20 za reli hazina maana mpaka zifike mahali. Na mgodi uliokopa mamilioni hauwezi kungoja miaka 15 taruma zibadilishwe. Unapiga simu, kesho malori 50 yako getini. Kila mmoja alichagua lililo sawa kwake.

Jumla ya machaguo hayo imelala mshazari pale karibu na Kisanga.

## Shemeji

Nilimweleza haya yote mume wa dada yangu. Yeye ana lori moja, la mkono wa pili, alilonunua kwa deni la ukoo mzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo namshukuru, kisha akasema:

"Shemeji, hiyo treni yako ikirudi, mimi nitakula nini?"

Nilitaka kujibu kwa haraka, sikupata la kusema. Lori moja linalisha shofere, msaidizi wake, fundi wa matairi, mama wa munkoyo, kijana anayelinda malori usiku mahali paitwapo Whisky, mkopeshaji na watoto wa shule. Treni ya mabehewa 30 ina dereva na msaidizi. Fedha za lori hupita kwenye mikono mingi midogo kabla hazijafika kwenye mkono mkubwa. Katika mji ambao kazi za mishahara zimeadimika, lori ndiyo kazi iliyogawanywa.

Niliwaza hilo kwa siku kadhaa na bado sijalimaliza. Ila kuna jambo ambalo shemeji mwenyewe aliniambia baadaye, bila kujua ananisaidia: wenye lori moja kama yeye hawapewi mzigo wa mgodi moja kwa moja. Wanapewa makombo na kampuni zenye malori mamia, kwa bei ya makombo, na likivunjika ekseli hasara ni yao. Hivyo mgodi haukuhamia kwa wanyonge ulipoiacha treni. Ulihamia kwa wakubwa wengine, na wanyonge wakapewa hatari.

Hatari yenyewe si neno la kitabuni. Februari 2019, kijijini Kabwe, kwenye njia ya Kolwezi, lori la asidi liligongana na gari lingine na asidi ikamwagika juu ya watu. Walikufa takriban 20. Vifo hivyo havimo kwenye kitabu cha hesabu cha barabara.

## Treni ile haikuwa yetu

Naogopa makala hii isije ikasomwa kama wimbo wa wazee. Kuna aina ya kumbukumbu ya Lubumbashi ambayo sitaki kuichangia: treni zilifika kwa saa, mashuka meupe, bia baridi kwenye behewa la chakula. Pengine. Lakini reli ilifika hapa 1910 kwa ajili ya shaba, na mji ukapangwa kwa kuifuata: wazungu upande huu, Kamalondo upande ule. Mpaka leo ukipita Tunnel kwenda mjini unapita chini ya mpaka ule ule. Reli ililetwa kututenga na kutuchukulia. Kutubeba lilikuwa jambo la ziada.

Na wapo ambao neno gare kwao lina kumbukumbu nyingine kabisa. Mwaka 1992 na 1993, Wakasai waliofukuzwa hapa Katanga walilala kwa maelfu kwenye gare za Likasi na Kolwezi, wakingoja treni, wengine wakafia hapo hapo. Bibi mmoja jirani yetu hapendi hata mlio wake.

Kwa hiyo silii treni ya zamani. Ninachouliza ni kwa nini watu walioifanya iwe yao walinyang'anywa bila kuulizwa. Maana waliifanya iwe yao. Mahindi ya Kaniama yalipanda humo, samaki wa Bukama, mikungu ya ndizi, majeneza, wanafunzi wenye masanduku ya bati. Kuna maeneo kati ya hapa na Kamina ambako mpaka leo barabara ya maana haijawahi kufika. Kwa watu wa huko, kusema "lori limeishinda treni" ni maneno ya mjini.

## Buyofwe

Hapa ndipo swali la shofere lilipogeuka mkononi mwangu.

Machi 2022, treni ya mizigo iliyotoka Luena kuelekea Tenke iliacha reli karibu na kijiji cha Buyofwe, mabehewa yakaanguka korongoni. Ilikuwa treni ya mizigo, mengi ya mabehewa yake yakiwa matupu, kwa hiyo kwa karatasi hapakuwa na abiria. Walikufa watu wapatao 75.

Taarifa za redio ziliwaita wadandiaji. Nakumbuka nilikuwa napika, nikasikia neno hilo, nikaendelea kupika.

Sasa linanikaba. Watu wale, wanawake wenye mizigo na watoto, walipanda behewa la chuma lisilo na kiti wala paa kwa sababu treni za abiria ni chache mno na barabara hakuna. Unaweza kusema walivunja sheria. Pia unaweza kusema walikuwa wanatumia reli ya nchi yao kwa namna pekee waliyoachiwa. Nchi iliyoandika kwamba abiria hawalipi ilikuwa na abiria 100 na zaidi juu ya treni isiyo na abiria.

Shofere wangu wa Kitanzania alikuwa na mzigo wa treni kwenye lori. Buyofwe kulikuwa na watu wa basi juu ya behewa la mzigo. Kila kitu kiko juu ya gari lisilo lake.

## Lobito

Sasa wanasema reli inarudi, na safari hii naamini inarudi kweli. Uendeshaji wa njia ya Lobito, ile ile ya Benguela, upande wa Angola ulitolewa kwa mkataba mwaka 2022, kwa miaka 30, kwa muungano wa kampuni za Trafigura, Mota-Engil na Vecturis. Wamarekani waliahidi mkopo wa dola milioni 553. Rais wao wa wakati huo, Biden, mwenyewe alifika Lobito Desemba 2024. Shaba ya Kolwezi imeshaanza kutoka kupitia huko, na kila tani inayoenda upande ule ni tani isiyopita Kasumbalesa. Kwa hilo nafurahi, na shemeji anisamehe.

Lakini angalia fedha zinavyoelekea. Mkopo ule ni wa upande wa Angola. Kipande cha kwetu, Dilolo hadi Kolwezi, kilibaki mikononi mwa SNCC, yenye kitabu kile kile cha faida na hasara. Na katika hotuba zote nilizosikiliza, kinachosafiri ni madini. Nimesikia tani, nimesikia siku za kufika baharini, nimesikia mashindano na China. Mtu wa Luena sijamsikia.

Nikipewa dakika moja na waziri, sitaomba treni ya kasi wala gare mpya ya vioo. Nitaomba mabehewa mawili ya abiria, yenye viti na breki zilizokaguliwa, yafungwe nyuma ya kila treni ya mizigo inayopita Luena kwenda Tenke. Nauli haitatosha, najua, watu wa kalkuleta wataniambia. Basi kinachopungua kitoke kwenye tozo ile ile ya mafuta, na kiandikwe panapoandikwa lami.